Foleni ya Madebe Kibondo

Mdogo wangu Gervas,

Mashine ya kusaga ya baba tuliizima mwaka lami ilipofika, uliposema Heru Juu hakuna tena wa kusaga, wote wanapanda gari kwenda kusaga mjini. Watoto hawajambo?

Leo sokoni Kibondo, kwenye manyunyu, nimesikia mlio ule ule wa mashine ya baba. Kugeuka, naona madebe kumi na tisa ya muhogo mkavu yamepanga foleni, wenyewe wako barazani wanapiga soga, kama kwetu enzi za baba. Nimelia, sikufichi.

Banda ni la Mzee Shabani mwenye duka, muhogo wanaleta akina mama wa Kumsenga, lori ni la Mkasulu mwenzetu, na mashine tatu anazitunza fundi kutoka Kongo. Hakuna aliyerithi mashine hapo. Sisi tuliorithi, kuku wanatagia kwenye injini!

Nilipomsimulia fundi, alicheka: "Maman, ile haiyakufa. Iko na njaa tu."

"Ilete," akasema Mzee Shabani. "Nafasi ya nne ipo."

Nusu ni yako, sitaibeba kwa nguvu. Kadi hii anakuletea dereva wa lori. Anageuza kurudi huku Kibondo kesho saa nne asubuhi. Kabla hajawasha gari mjibu, ndiyo au hapana: aipakie?

Dada yako,
Skola