Mkono wa Mwanaidi

Jumatatu, mwezi wa Shaabani

Kumbe hata chanjo inampenda yeye.

Mchanjaji wa bomani anasema dawa iliyobaki kati ya ile aliyotoka nayo pwani imeharibika kwa joto. Kwa hiyo kesho atatuchanja kwa maji ya lengelenge la mtu aliyechanjwa wiki iliyopita. Akakagua mikono mtaa mzima, akachagua wa mke mwenzangu, Mwanaidi. "Huu umeshika vizuri," akasema. Mume wetu akatabasamu kana kwamba amesifiwa yeye.

Maji ya Mwanaidi yaingie mwilini mwangu? Homa naiogopa, na wengine mkono huvimba. Lakini ndui imeshafika Mkuyuni, kijiji cha jirani. Nikiugua nikapona, nitabaki na uso wa makovu, na yeye na uso wake ule...

Jioni ameniambia, "Dada, kesho njoo mapema, uchanjwe wa kwanza." Nilishaamua kukataa.

Halafu mwanangu akasinzia mapajani pa Mwanaidi, nikamwita, asiamke. Nikifa kwa ndui, huyo ndiye mwanangu atakayemwita mama.

Kesho tutakwenda, mimi na mtoto. Mkono nitautoa. Shukrani asizingoje.