Kizibo cha Kumi

Jumanne, 4 Juni 2024
Treni yangu imesimama kwenye magurudumu yake! Ndogo, urefu wa mkono, lakini boila, tangi la mvuke, ni shaba kweli, kazi ya Mwingereza wa zamani. Nimeitoa kwa chuma chakavu, Nyamwamba. Imebaki kizibo cha juu tu, cha zamani kimelika meno ya skrubu. Nimempigia Kataliko, fundi wa Bwera: nichongee kizibo cha kumi. Hakuuliza kitu. Sisi huku bolti tunaiita kwa spana inayoifungua. Spana kumi, bolti ya kumi, basi.

Ijumaa, 7 Juni
Kizibo kimefika. Kinaingia, ila kinacheza kidogo. Nimekizungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, kikashika. Ojok akacheka: treni ya mke wangu imevaa bandeji! Mjinga huyu mume. Nampenda.

Jumapili, 9 Juni
Tuliwasha. Filimbi ililia! Ojok akainama kutazama — paa! Kizibo kikamwingia jicho la kushoto. Damu, maji ya moto, ngozi ya shavu ikatoka kama ya nyanya iliyochemshwa. Alilia kama mtoto, yeye sajenti wa jeshi! Nikaipiga treni nyundo mpaka boila ikawa sahani. Daktari anasema jicho limekwisha. Nimemwapia Ojok kitandani: aliyekutoboa, nitamvunja.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemvunja Kataliko. Vidole viwili, kwa spana kubwa, juu ya meza yake mwenyewe. Yvette, mke wake, ananivuta nywele: mwanamuke ya kambi anaua bwana yangu! Sikuacha. Nikamtupia Kataliko kizibo usoni.

Hakunipiga hata kofi. "Mama Amoding, ni weye ulisema kumi. Nilikupa kumi!" Kwa mkono mzima akachukua spana kumi, akaivika kichwa cha kizibo. Ikakaa sawasawa. Akauliza tundu la boila lilikuwa la meno ya kipimo gani.

Inchi. Boila ya Mwingereza, inchi! Yeye amechonga milimita, kama bolti zote za kumi. Meno yanakaribiana, lakini kizibo chake ni chembamba kuliko tundu. Nilimtajia kichwa, meno sikumtajia. Mungu wangu.

Naandikia kwenye benchi la polisi, Bwera. Afande amefoka: kaa chini, usisogee! Kataliko yuko kando yangu, vidole ndani ya kitenge cha Yvette. Bado hajasema nani kamvunja.

Simu inaita. Ojok. Nimepokea: anataka kujua kama nimempata aliyemtoboa jicho.