Staji ya Mwaka wa Tatu

Songo, Uvira, 10 mwezi wa tano 2024

Sidonie,

Mama yako alikufa. Ni juzi, siku ya tatu, saa tisa ya muchana. Tulisha muzika.

Uko muzima? Minye niko. Simu yako haiingie tangu juzi. Bujumbura ni saa moja tu na gari, na haukuja. Watu ku matanga wananiuliza: "Na Sidonie, munganga wenu, iko wapi?"

Homa ilimushika siku ya Mungu. Ulisema ku simu: akunywe dawa ya malaria, mungojee siku tatu. Tukangojea.

Jirani yetu Naomie anasoma infirmier, kazi ya kutunza wagonjwa, hapa Uvira, mwaka wa pili kama weye. Jana nilimuomba karatasi ya masomo yake. Nikaiweka pembeni ya ile yako ulituachia. Akanisomea zote mbili. Yake: staji, kujifunza kazi ku hospitali, mwaka wa kwanza. Yako: staji mwaka wa tatu. Nikasema arudilie. Akarudilia.

Ni kweli?

Olive mwenye kuuzisha samaki huko Bujumbura atakupa hii barua.

Papa yako

Bujumbura, 19 mwezi wa tano

Papa,

Nakusalimia. Unakula? Unalala? Nilikaa na barua yako siku munane.

Ni kweli. Huku kwetu wanaanza na vitabu: mifupa, damu, kemia, miaka mbili yote. Kwa Naomie wanawasimamisha ku kitanda ya mugonjwa haraka. Wanasema ku mwisho tunakuwa sawa. Minye sijafika ku mwisho. Papa, sijagusa mugonjwa hata mumoja.

Mukinipigia, munaniita "munganga". Nasikia mama anacheka kwa furaha. Nilipata haya kusema sijui. Zile siku tatu nilizisoma mu kitabu. Siku ya tatu simu yako ikalia. Nikaogopa kusikia, nikaizima.

Nitaacha masomo. Siwezi kuvaa ile nguo nyeupe.

Mutoto wako

Songo, 26 mwezi wa tano

Mutoto wangu,

Nakusalimia. Leo nilikula. Naomie alileta ugali.

Kuna kitu sikuandika. Ile siku ya Mungu, mbele nikupigie, Naomie aliingia. Akamushika mama yako ku shingo, akamuangalia macho. Akasema: "Papa Sidonie, tumupeleke ku hospitali sasa hivi." Nikamujibu: "Weye wa masomo ya hapa hapa, nyamaza. Wangu iko ku universite ya inje." Mama yako alisikia. Alikuwa amesha funga kitenge ya kutoka. Akaifungua, akalala tena.

Weye haukumuona. Minye nilimuona. Ile barua ya kwanza niliiandika juu muzigo wa kosa ukae kwako.

Jana tuliondoa matanga. Nikasema yote mbele ya watu. Naomie alilia. Donatien, baba yake, akatoka inje, hakuniangalia. Minye naye tunapakiza muchanga mu kamyo moja, miaka kumi.

Usiache. Fika ku ile staji. Wakikuuliza kitu haujui, sema haujui.

Kesho narudi kazi na Donatien, ku ile kamyo.

Papa yako