Maji ya Wageni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nikianza bila kukuamkia nitajiona kama nimepita uani bila kubisha hodi.

Hali yangu ni ile ile. Niko Same, chumba kile kile, cherehani pale pale dirishani. Nakula, nalala, nashona sare za shule. Watu wakiniuliza nasema sijambo, na si uongo, maana siumwi popote. Tatizo ndilo hilo, siumwi popote. Tangu Mama aliponipigia simu akasema "baba yako hajaamka," kuna kitu kimezimika ndani yangu na mimi naendelea tu. Msibani sikulia. Shangazi walinitazama kwa pembe ya jicho mpaka wakachoka. Nilikuwa nimekaa na suruali ya suti yako mapajani, naipunguza kiuno, kwa sababu ulikuwa umekonda na sikutaka uzikwe na suruali inayoning'inia. Nilishona mishono midogo midogo, iliyonyooka. Nikajipongeza, Baba. Nikajiambia, mshono huu umekaa vizuri. Katika msiba wako wote, hicho ndicho ninachokikumbuka.

Habari za nyumbani. Mama hajambo, siku hizi anaongea na kuku kuliko watu. Yule jogoo mwekundu uliyekuwa ukimnyonyoa manyoya ya shingo kwa ajili ya ndoano zako, shingo imeota yote, anatamba uani kama bwana harusi. Kazi yako ya kugawa maji wamempa kaka Mbonea, jirani. Ulimfundisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Jioni anapanda kuziba mlango wa ndiva ili bwawa hilo lijae usiku, alfajiri anazibua, maji yanashuka kwenye mifereji, shamba kwa shamba, kila mtu na zamu yake. Na ndiva inajaa kweli. Inajaa mpaka ukingoni, Septemba hii, kiangazi ambacho huku mjini vumbi linaingia hadi kwenye kikombe cha chai. Kina mama wanasema hawajaona ndiva ikijaa hivyo wakati wa kiangazi tangu waolewe. Nilipoambiwa nilifurahi. Yaani, nilisema "nimefurahi."

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwetu. Ulikuwa wakati wetu. Kila mwaka, kabla vuli haijauchafua mto, ulinipigia simu ukasema maneno yale yale, "Njoo na uzi." Nami nilipanda na vibunda vya uzi wa rangi, tukakaa barazani Ijumaa jioni tukifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano mpaka yafanane na wadudu wanaoelea juu ya maji. Wa kwako walifanana na wadudu. Wa kwangu ulisema wamevaa sare za shule.

Mwaka huu simu haikulia. Nilikwenda na uzi hivyo hivyo.

Watu wa kwetu hawakuwahi kutuelewa. Mtu mzima anakwenda mpaka msituni na fito la mianzi aliloachiwa na daktari mzungu wa misheni, anarusha unyoya juu ya maji baridi kumhadaa samaki aitwaye trauti, halafu akimpata anamtazama madoa, anamrudisha mtoni. "Samaki wa kutazamwa," walitucheka. Wewe uliwaita wageni, kwa kuwa ulisimuliwa kwamba wazungu ndio waliowaleta kwa madebe zamani hizo, wakaondoka, wakawaacha huku juu. Jumamosi jioni tukirudi ulipitia kwenye banio, pale mto unapozibwa kwa mawe na udongo ili maji yaingie mfereji wa ndiva. Kona moja ilikuwa inavuja. Ulisimama juu yake, ukaichokonoa kwa ncha ya buti, ukasema, "Tusiwalaze wageni na kiu." Mimi nilidhani ni utani wako wa kila siku.

Ile kona kila mtu aliijua. Mgawa maji mkali kuliko wote, tundu la panya kwenye mfereji wa mtu lingekufanya upige kelele zisikike bonde la pili, na banio lako mwenyewe linavuja. Baragumu la msaragambo likilia, kijiji kizima kikitoka na majembe kutengeneza mifereji, ile kona ulijipangia peke yako, na kesho yake ilikuwa inavuja vile vile. Walisema Mzee Elinami amechoka. Nami nilicheka nao.

Sasa sikia. Jumamosi asubuhi Mama alinikuta nafuta vumbi kwenye fito lako, akasema tu, "Chukua na sweta." Nikaenda. Nilijua kuna jambo kabla sijafika, kwa sababu nilikuwa nimeshafika pale mahali ambapo mto husikika, na haukusikika. Chini ya banio palikuwa na mawe makavu. Dimbwi letu la chini ya mwamba limekuwa dogo, shuka la kitanda lingelifunika lote. Wageni wako walikuwa wamejibana upande wenye kina, migongo iko nje, wanafungua na kufumba midomo. Wengine walikuwa wamekwisha kukauka kwenye tope, na nzi wa kweli juu yao, si wa uzi na manyoya.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilifunga ndoano, nikarusha. "Unavua au unafukuza kuku?" Nilikusikia, mkono ukalegea wenyewe, unyoya ukatua vizuri kuliko siku zote ulizonisimamia. Mmoja akaudaka papo hapo. Hakupigana. Nilimvuta kama mtu anayevuta kandambili iliyosombwa na maji. Nikamtoa ndoano, nikamrudisha, akalala ubavu. Nikaweka mkono chini ya tumbo lake kama ulivyonifundisha, nikamshikilia mpaka akajiweza. Nilikuwa natazama tu. Nilijua kwamba jambo baya linatokea, nikalijua kama ninavyojua kwamba kesho yake ni Jumapili.

Nikapanda mpaka kwenye banio.

Baba, ni kazi nzuri. Baada ya matanga walipiga baragumu kwa ajili yako. Walitaka kukufanyia kitu, na mmoja wao akasema ile kona iliyomshinda Mzee, hebu tummalizie. Wakachanga saruji. Wakapandisha mchanga kwa vichwa. Kona imezibwa, imelainishwa kwa mwiko, halipiti hata tone. Na juu ya saruji, ilipokuwa mbichi, mtu ameandika kwa kijiti: MZEE ELINAMI, PUMZIKA, KAZI IMEKWISHA. Nilisimama hapo nikasoma, nikarudia kusoma, ndipo nikaelewa habari ya buti lako.

Niliogopa kurudi nyumbani. Si kwamba nilihuzunika, niliogopa, kwa sababu nilijua kuna mtu wa kwenda kusema na huyo mtu ni mimi. Utawaambiaje watu waliokupenda kiasi kile kwamba upendo wao unaua samaki wako? Na samaki wenyewe hawaliwi. Nilipita kwenye mashamba yao nikiteremka, maharage yameshika maua, tangawizi imesimama, watoto wanachota maji mferejini wanacheka. Nilisalimia, nikaitikiwa.

Mama alikuwa anapepeta mahindi ya makande. Nilimweleza yote. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua," akasema. "Mume wangu ndiye mgawa maji, na shamba langu ndilo la mwisho kunywa na la kwanza kukauka. Wewe ulidhani ni panya?"

Kumbe ndivyo ulivyofanya. Kila zamu yetu ilipofika uliifunga kabla ya wakati wake, ili maji uliyoyaachia wageni usiku yatoke kwetu, yasitoke kwa mtu mwingine. "Hakumwibia jirani hata kikombe," Mama akasema. "Alituibia sisi." Alikugombeza miaka, halafu akanyamaza, akawa ananunua mahindi kwa watu wa Ndungu na kukutazama tu ukila.

Kisha akanishika mkono akanipeleka shambani, nyuma ya nyumba. Ninataka ulione hili. Kabichi, Baba. Zimefunga, nzito, mstari kwa mstari. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Mama ana shamba la kijani mwezi wa tisa, na amelipata kwa sababu umekufa. Hakusema hivyo, mimi ndiye ninayesema. Alisimama katikati ya kabichi zake, kanga kiunoni, akainama akakwanyua jani moja lililoanza kuoza, akalikunjakunja. Sikumwomba kitu. Ningemwombaje? Nilikuwa tayari kurudi mjini na kuacha yaishe, ya wageni na ya kwako pia.

Akalitupia kuku lile jani. Halafu akasema, "Mwite Mbonea."

Mbonea alikuja Jumapili baada ya ibada, na suti yake. Nilipomweleza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

"Dada, kwa nini hakutuambia?"

"Angewaambia mngeitisha mkutano," Mama akamjibu. "Mngepiga kura. Samaki wangeshinda?"

Mbonea alicheka kidogo, halafu macho yakamjaa, akayafuta kwa tai. Nilimwonea wivu. Mama akampa masharti: nusu ya zamu yetu irudi mtoni kama zamani, na asiguse ya mtu mwingine. Mbonea akasema atawaeleza watu mwenyewe, kwamba Mzee ndivyo alivyotaka na kwamba maji yanatoka kwenye fungu la Mzee. Hapo hakuna wa kubisha.

Alipanda na mimi, amebeba nyundo na tindo. Nilitaka tutoboe pembeni ili jina libaki. Akaniambia haiwezekani, sehemu nyingine zote ni mawe na udongo tu, ukigusa banio zima linakwenda. Saruji iko pale pale kwenye kona, na maandishi yako juu yake. Akaweka tindo, akainua nyundo, akaishusha bila kupiga.

"Jina lake, dada. Mimi siwezi."

Akanipa.

Nilipiga. Hawakukupunja, Baba, ile saruji ni ngumu, walitia kwa moyo. Neno la PUMZIKA ndilo lililotoka kwanza. Kisha KAZI IMEKWISHA ikapasuka, ikaanguka upande wa chini. Jina limebaki, isipokuwa herufi za mwisho. Maji yalianza kwa kulowesha ufa, yakatoka kama ya bomba la mjini, mara yakasukuma kipande na kuja yote. Sikuwa nimesogea. Yaliniingia kwenye viatu.

Baridi ile! Ilinipanda kwenye vidole, kwenye vifundo, mpaka magotini, nami niliisikia. Nilipiga ukelele, Mbonea akadhani nimejiponda kidole. Nikamwambia hapana, ni baridi. Nikamwambia tena, ni baridi. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na labda nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikulia hata hapo. Lakini niliyasikia maji yale mwilini, nikabaki nimesimama ndani yake mpaka miguu ikafa ganzi, ganzi ya kweli yenye sababu yake.

Tuliteremka pamoja na maji. Hayana haraka, uliniambia, yanajaza kila shimo kwanza. Tukatembea mwendo wake, tukasimama yaliposimama. Yalipofika dimbwini, wale waliobaki waligeuza vichwa vyote upande mmoja. Si wengi. Hatukuwawahi wote, nisikudanganye.

Nimerudi Same. Sare za watu zinaningoja. Usiku nimevua viatu na kuviweka dirishani, bado havijakauka, nami sina haraka ya kuvikausha.

Sasa nikuahidi, kisha niache. Mwakani sitarusha ndoano, wageni wamekonda mno. Nitakuja na uzi, nikae barazani na jogoo wako anitazame kwa wasiwasi. Na kila baragumu la msaragambo likilia nitaomba ruhusa, nitapanda, ile kona ni ya kwangu. Nitaitengeneza peke yangu, na kesho yake itavuja. Watanicheka kama walivyokucheka, nami nitawaacha wacheke.

Barua ilikuwa imeishia hapo siku nne sasa, ila Mama alipiga simu leo asubuhi. Anasema kabichi za pembeni zimeanza kunyauka. Akasema, "Sasa ndilo shamba la mume wangu."

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Nimelia mpaka mteja aliyekuja kuchukua sare akarudi kwao bila sare.

Lala sasa. Wageni wako wamekunywa.

Mwanao,
Nakijwa