Aliyeitikia Jina la Dovekie

Mpendwa Tanti Euline,

Naomba msaada, na naomba ukiisoma barua hii usiisome kwa sauti mbele ya wateja wako wa dobi, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama wala baba: tangu kabla ya Krismasi, kila asubuhi, nimekuwa nikiitikia kwenye redio kwa jina la mtu mwingine, najifanya ni yeye, na ghuba nzima imeamini.

Nina miaka kumi na sita na bado nasoma. Kwetu ni Nova Scotia, ila kila theluji inapoanza sisi huja kisiwani Carriacou na kuishi ndani ya boti yetu hadi Aprili, na masomo yangu hutumwa na shule nami huyafanyia mezani huku meza ikiyumba. Asubuhi zetu unazijua. Baba huchemsha kahawa, Kester hupita na boti yake ya mkate, kisha Madame Gisèle anaanza kuita boti moja baada ya nyingine redioni, kila boti inajibu "salama", na akimaliza ndipo watu wanaulizana nani ana mtungi wa gesi wa ziada, nani anakwenda sokoni Hillsborough, nani ameokota ndoo iliyochukuliwa na maji. Na unajua kwa nini tunaitwa majina. Msimu mmoja wa zile pepo kali za Krismasi kuna boti iling'oa nanga ikaelea kwenda zake, watu wakaitazama tu wakidhani haina mtu, kumbe mwenyewe alikuwa ndani, amekwisha kufa. Tangu hapo asiyeitikia hufuatwa.

Sasa kuna Nahodha Penney wa Dovekie, ile boti nyeupe iliyochakaa upande wa mikoko. Ni mzee wa Newfoundland, yuko peke yake, alifanyiwa upasuaji wa koo na sauti aliyobaki nayo ni kama upepo unaopita chini ya mlango. Msimu ulipoanza alikuwa akiitikia mwenyewe, na Madame Gisèle akawa anamwambia, "Rudia, Dovekie, rudia mpenzi, sikusikii," mara tatu, mara nne, mpaka siku moja mwanamume mmoja akadakia, "Mwache Gisèle, hiyo si sauti, huyo anakaanga samaki!" Redio nzima ikacheka. Baba naye alicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu hata mimi nikitakiwa kusema mbele za watu sauti hunipotea, na jina la boti yetu huitikiwa na baba siku zote.

Mimi na Nahodha huazimana vitabu. Hapendi mtu apande botini kwake, kwa hiyo mimi hupiga makasia hadi ubavuni, yeye hushusha ndoo kwa kamba, kitabu kinapanda na kingine kinashuka. Siku ile ya kuchekwa aliinama juu yangu akaniuliza:

"We binti, unajua kunong'ona?"

"Najua, Nahodha. Ndicho ninachojua."

"Basi kuanzia kesho niitikie wewe. Nikiamka nitatundika taulo nyekundu hapa ubavuni, jioni nitaiingiza. Ukiiona asubuhi, ujue nipo, sema salama. Usipoiona, piga kelele."

"Na wakigundua?"

"Wagundue nini? Wale hawasikilizi. Kila mmoja anangoja zamu yake."

Nikafanya mazoezi chini ya blanketi hadi nikaipata ile sauti. Kesho yake nilijifungia chumba cha mbele na redio ya mkononi, nikakohoa kidogo, kwa woga wangu mwenyewe, nikasema, "Dovekie, salama." Hakuna aliyecheka. Mama akasema, "Afadhali, maskini, mzee wa watu anapata nafuu." Tanti, sitakudanganya, nilifurahi. Ile ilikuwa sentensi yangu bora ya siku, na nikaizoea, na kile kikohozi changu kidogo nikakizoea pia, watu wakadhani ndiyo desturi ya Nahodha.

Jana ndipo mambo yalipogeuka. Kulikuwa na mawingu siku nzima ya juzi, sola haikujaza kitu, nikaamka redio ya mkononi imekufa. Taulo niliiona ipo. Nilikuwa mezani, mdomo umejaa mkate, natafuta uongo wa kuniwezesha kushika redio kubwa mbele ya baba, na Madame Gisèle akawa ameshafika: "Dovekie, Dovekie, upo?" Kabla sijameza nikasikia kikohozi. Kile kidogo. Kisha, "Dovekie, salama."

Baba akasema, "Penney leo kawahi."

Mama akaniangalia, "Mbona umebadilika rangi? Umeng'ata ulimi?"

Nikasema ndiyo. Nikajiambia ni Nahodha mwenyewe, amejisikia vizuri akaamua kujibu. Lakini yeye hakohoi kabla ya kusema, Tanti. Anayekohoa ni mimi.

Jioni taulo haikuingizwa. Nilikaa nje na kitabu mpaka mbu wakanishinda, haikuingizwa. Leo asubuhi ilikuwa palepale, upepo umeiviringisha kwenye kamba kama bendeji, na mwari wawili wametua juu ya boti yake wametulia tuli, na ndege hao hawatui mahali ambapo mtu anatembeatembea. Redio yangu leo ilikuwa na chaji. Niliishika kwa mikono miwili na sikuibonyeza, nilitaka kusikia. Jina likaitwa. Kikohozi. "Dovekie, salama." Madame Gisèle, ambaye si kawaida yake, akauliza, "Upepo vipi huko mikokoni?" na sauti ikajibu, "Mwanana," neno ambalo mimi ndiye ningelisema, maana nalipenda, nalitumia hata kwenye insha. Nikagusa midomo yangu. Ilikuwa imefungwa. Halafu yule aliyekuwa akisema hakuachia kitufe mara moja. Alibaki akipumua, kama mtu mwenye neno jingine ambaye anaona haya kulitoa.

Madame Gisèle akaita boti inayofuata. Hakuna anayetazama upande wa Dovekie, kwa sababu Dovekie imeitikia.

Sijui nifanye nini. Nikisema, itajulikana nimewadanganya watu kwenye kitu ambacho wanakitegemea kwa uhai wao, na baba hatanyanyua uso mbele ya wenzake kwenye meza ya domino. Nikipeleka watu kwa Nahodha na nikamkuta mzima anasoma, nitakuwa nimevunja ahadi kwa mtu pekee anayeongea nami kama mtu mzima. Na kama si mzima, basi anayeitikia ni nani? Usiku sikulala nikifikiri, labda ni mimi, labda ninaitikia na sijui. Nielekeze, Tanti.

Msichana wa boti ya kijani

*

(Jibu hili lilipelekwa kwa mkono saa ileile barua ilipofika. Linachapishwa leo kwenye safu hii ya ushauri, pamoja na barua zake, kwa ruhusa ya msichana mwenyewe.)

Binti yangu,

Aliyekukabidhi karatasi hii ni Kester. Yuko ubavuni mwa boti yenu na injini yake inanguruma; usimwambie aizime. Boti ya kijani ni moja tu ghubani, kwa hiyo tusipotezeane muda kwa kujificha. Soma ukiwa umesimama.

Kwanza, ulimsitiri mzee asichekwe, na anayefanya hivyo kalelewa vyema. Hilo nimeliona.

Sasa nikugombeze. Taulo si mtu. Mwenye kuitundika akianguka, yenyewe itaendelea kupepea mpaka ichanike. Jana jioni, katika ghuba nzima yenye watu wazima na darubini zao, ni wewe peke yako uliyejua maana ya taulo isiyoingizwa, na wewe ukakaa na kitabu. Leo umeniandikia kurasa nzuri kabisa. Unaandika vizuri, mwanangu. Ningeshukuru zaidi ungeandika vibaya ukapiga makasia.

Kuhusu hiyo sauti sikucheki. Nilikuwa mkunga kisiwani hapa kabla magoti hayajanishinda nikaingia kwenye sabuni ya dobi, na nimekaa kwenye vyumba ambamo waliohesabiwa walikuwa wachache kuliko waliokuwepo. Lakini wafu wa Carriacou nawajua. Wakitaka kitu huja ndotoni wakadai chakula, tukawapikia, tukawatandikia meza, wakaridhika. Sijasikia hata mmoja aliyedai redio. Mimi nadhani huyo ni mzee mwenyewe, yuko sakafuni, anasema "njooni" kwa hiyo pumzi yake, na ninyi mnasikia "salama" kwa kuwa ndilo mlilokaa kulisubiri. Nawe umemwiga hadi humjui tena mwenye sauti. Kama nimekosea, nimekosea. Awe mzee, awe shetani, uwe wewe, dawa ni ileile: panda kwa Kester.

Ungeuliza kwa nini sikumtuma Kester peke yake. Kwa sababu mzee atakayemkuta mle ndani anakujua wewe, na kwa sababu wewe usipokwenda leo utaisikia sauti hiyo mpaka uzeeke.

Baba yako mwambie sentensi moja: "Baba, Nahodha Penney hajatoka tangu jana, na aliyekuwa akimwitikia ni mimi." Akitaka kufoka, afoke mkiwa njiani. Mzee alikukataza kupanda? Panda. Bisha hodi kwa heshima, lakini usingoje kuambiwa karibu. Hospitali nimeshawapigia, gari linashuka gatini sasa hivi.

Na kesho jina hilo likiitwa, usimwachie nafasi huyo mwingine. Sema wewe, kwa koo lako, na useme kweli.

Nenda!

Tanti Euline

*

Tanti,

Hivi ndivyo nilivyofanya.

Nilimwambia baba ile sentensi. Hakufoka. Alizima jiko, akaingia botini mwa Kester bila shati, na njiani alisema neno moja tu, "Tangu lini?" nikamjibu, akatazama mbele.

Mwari waliruka tulipogusa ubavu. Nilibisha hodi, nikabisha tena, nikapanda. Nahodha alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, mguu umepinda chini yake, chupa ya maji imekauka mkononi. Alikuwa ameteleza siku ile ya mawingu, mchana, hata jioni haijafika, na taulo niliyoiona kesho yake ilikuwa imelala nje. Macho yalikuwa wazi. Kester akasema, "Mungu wangu, mzee, upo?" naye akapepesa.

Wakati wao wakifungua ubao wa kitanda wapate kumbebea, niliitafuta redio yake. Iko ukutani juu ya meza ya ramani, juu kuliko mtu aliyelala anavyoweza kufika. Kipaza sauti kilikuwa kwenye ndoano yake. Swichi ilikuwa imezimwa, na juu ya kitufe kulikuwa na vumbi la chumvi ambalo kidole hakijaligusa siku nyingi. Nilimwonyesha baba. Baba alilitazama akanivuta mkono, "Twende zetu."

Botini mwa Kester nilikishika kichwa cha Nahodha magotini, nikainama sikioni.

"Nahodha, uliitikia?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Uliita hata mara moja?"

"Nimwite nani?" alisema, nikasikia kila neno. "Nilijua hawaji. Nilijua wewe unaniitikia."

Nyonga imevunjika. Daktari amesema ataishi, na kwamba asubuhi moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

Leo asubuhi nilikaa mezani mbele ya mama na baba na redio kubwa. Madame Gisèle akafika: "Dovekie, Dovekie, upo?" Na redio ikakohoa, Tanti. Kikohozi kidogo. Mama alikisikia, baba alikisikia, na wote wawili waliangalia mdomo wangu. Nikabonyeza kitufe juu ya sauti hiyo kwa nguvu zangu zote.

"Dovekie haina mtu," nikasema. "Nahodha Penney yuko hospitali, yuko hai. Anayesema hapa ni Ingrid Zwicker wa boti ya kijani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia tangu kabla ya Krismasi. Ninaomba radhi."

Nilipoachia, redio ilikuwa kimya, kimya cha kawaida, hakuna anayepumua. Kisha Madame Gisèle akasema, polepole, "Nimekusikia, Ingrid," na hakuita boti inayofuata.

Nikashuka kwenye mtumbwi nikaanza kupita ghuba nzima, boti baada ya boti. Niligonga kila ubavu nikasema hodi. Wengi walinijibu kutoka ndani, "Tupo, salama!" Sikuondoka. Nilisema, "Naomba mtoke niwaone," nikangoja hadi kila aliyekuwemo atoe uso wake nje kwenye jua.