Kipande cha Mpira Chini ya Gari

Kasongo, Jumamosi, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu alfajiri, kisha jua kali la ghafla.

Feza,

Leo gari limepona. Limebadilisha gia zote, ya kwanza hadi ya nne, kama zamani. Nimelizungusha mpaka barabara ya misheni na kurudi. Watu walinipungia mikono, wakifurahi kwa niaba yangu. Mimi sikuweza kuinua mkono.

Afadhali ningelikuta limekufa.

Wanaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni wanajua kwamba nakuandikia hapa tangu ulipoondoka. Huwa naandika vitu vidogo: jinsi ulivyokula karanga garini na kuyaficha maganda kwenye mfuko wa mlango, jinsi ulivyoliita "gari la mvivu" kwa sababu ni otomatiki na mguu wangu wa kushoto hauna kazi. Siku yenyewe sijawahi kuiandika. Leo lazima niiandike.

Mwezi wa nne tulikwenda Lusangi kuwasalimu wazazi wako. Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ya tatu ukaanza kutoka damu, na muuguzi wa pale akasema upelekwe hospitali ya Kasongo bila kuchelewa. Tulikulaza kiti cha nyuma, mama yako akakushika kichwa. Hatukuwa tumefika mbali, taa ya njano ikawaka na gari likang'ang'ania gia ya tatu. Kwenye tambarare lilitembea. Kwenye kile kilima cha udongo mwekundu lilitetemeka, likasimama, likarudi nyuma. Nilijaribu mara nne. Nilizima, nikawasha. Nilifungua boneti nikatazama vitu nisivyovielewa. Mlikuwa mkinisubiri ninyi watatu, wewe na mama yako na yule wa tumboni.

Pikipiki ilipopatikana, ulikuwa umeshanyamaza.

Aliyekuja kulivuta gari alitazama kwa juujuu akasema bwate imekufa. Bwate, yaani lile sanduku la gia. Hakuna aliyebisha. Tulipomaliza kukuzika kaka zako walitaka kuniuliza maswali, na walikuwa na haki. Mama yako akasimama mbele yao, akasema: "Nilikuwa mule ndani. Mukwe alifanya yote."

Miezi saba nimeishi juu ya maneno hayo. Nimeyalalia, nimeyaamkia.

Wiki hii mama yako amekuja kwa ajili ya kumaliza kilio chako, kufunga matanga. Kimemalizika juzi. Alikuja kwa pikipiki, na magoti yake yamevimba hata kushuka ngazi mbili za nyumba ni kazi. Nikamwambia asihangaike, nitamrudisha Lusangi mimi mwenyewe. Ndipo nikalifunua gari na kumwita Fundi Sefu, yule aliyejifunza Bukavu, ambaye ana kidude cha kuchomeka garini kikaonyesha ubovu kwenye simu.

Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate. Akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanusa.

"Shofere, nani alikuambia bwate imekufa?"

"Yule aliyelivuta."

"Alinusa?"

"Alitazama tu."

"Mafuta iko nyekundu, haina harufu ya kuungua. Nyinyi watu ya Kasongo, mutu akilala kidogo munaanza kumuchimbia kaburi." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akashusha macho. "Samehe, muzee."

Nilimwambia aendelee.

Simu ilisema ubovu uko kwenye kapteri ya presha ya mafuta. Sefu alinieleza polepole, kama mwalimu. Mafuta ndani ya bwate husukumwa kwa nguvu ili gia zishike. Kapteri ni kidude kidogo kinachopima nguvu hiyo na kuipelekea habari kompyuta ya gari kwa waya. Habari isipofika, kompyuta inaogopa kwamba bwate itaharibika, basi inaifunga kwenye gia ya tatu.

"Kwa hiyo gari ilikuwa inajilinda," nikasema.

"Ndiyo. Inajilinda."

Lilijilinda lenyewe, Feza. Likatuacha sisi.

Hakuiamini simu peke yake. Alifungua parafujo moja ubavuni mwa bwate, akafunga pale saa ya kupimia presha, akaniambia niwashe. Mshale ulipanda vizuri na kutulia. Nguvu ya mafuta ilikuwepo, nzima kabisa. Kumbe mwongo alikuwa kapteri, au njia ya habari yake. Akatandika gunia akaingia chini na mita ya umeme. Nikamsikia akijisemea: umeme unafika, habari hairudi. Kisha akacheka kwa sauti kule chini.

"Eh, ni fundi gani mujinga alifunga hii?"

Mkono wake ukatokea pembeni ya gurudumu. Umeshika kipande cheusi cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Nilikifahamu mara moja.

Mwezi wa pili, nikiwa chini ya gari kwa shughuli nyingine, nilivunja kile kijino cha plastiki kinachobana fishi, ile plagi ya waya wa kapteri. Kipya hakipatikani huku. Nikakata mpira wa baiskeli yangu ya zamani, nikaifunga fishi kwa nguvu, na gari likatembea bila shida. Nilijisifu hata. Lakini mpira ule unashika tu, hauzuii maji.

Halafu tukaenda kwenu. Mnajua wenyewe, mtu haingii uwanja wa wakwe na matope. Kila mkwe mwenye gari hufanya nilivyofanya: kabla ya kijiji nikaliteremsha kwenye kijito, maji yakafika tumboni mwa gari, nikachota kwa ndoo na kumwaga kule chini mpaka ling'ae. Wewe ulikaa ukingoni na viatu mkononi, ukasema watadhani nimekuja kukuoa upya.

Yale maji yalikaa ndani ya fishi siku mbili tukila na kucheka kwa wazazi wako. Sefu alinionyesha. Vijiti vya shaba vimeota ukijani, na kimoja kimelika mpaka kukatika.

"Ni mimi," nikamwambia. "Fundi mjinga ni mimi."

Hakucheka tena. Alifanya kazi bila kunitazama. Akasugua vijiti kwa mswaki na petroli, akatafuta kimoja kwenye fishi ya lori bovu, akakipachika, akapaka grisi, akaibana fishi kwa kibanio alichotoa kwenye lori lilelile, akafuta ujumbe wa ubovu kwa simu. Haikufika saa moja.

Nikamuuliza nilichoogopa kuuliza. Kama siku ile ningelala chini ya gari, nikaichomoa fishi, nikaikausha na kuirudisha, lingepanda?

Alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Pengine ingeshika, muzee. Pengine hapana. Mimi sikukuwa pale."

Alipoondoka nilikaa nyuma ya usukani muda mrefu. Niseme ukweli wangu: nilifikiria kunyamaza. Sefu si mtu wa maneno mengi. Mama yako angerudi kwao kwa starehe, akiendelea kunitetea mbele ya wanawe. Nisingepoteza kitu.

Lakini kila akinitetea ningekuwa namwibia.

Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amesikia injini, akatabasamu bila kunitazama, kama inavyompasa mama mkwe. "Kumbe ilifufuka," akasema. Nikakaa chini kabisa, mbali kidogo, nikamweleza yote: mpira, kijito, fishi. Nilitumia maneno mepesi ili nisijifiche nyuma ya maneno ya fundi.

Aliendelea kuchambua.

"Siku ile ulijua?"

"Hapana, Mama. Nimejua leo."

"Lakini mupira ulifunga wewe."

"Ni mimi."

"Na mu maji uliingiza wewe."

"Ni mimi, Mama."

Alimaliza mchele wote, punje kwa punje. Sikuthubutu kuinuka.

"Niliambia watoto yangu ulifanya yote."

"Najua, Mama."

"Sitarudi kuwaambia ingine. Nimechoka na kilio. Lakini leo sitakula kwako."

Akachukua kitenge chake akaenda kwa dada yake, nyuma ya soko, akishikilia ukuta wa kila nyumba aliyopita. Wewe unajua, na kila mtu hapa anajua, maana ya mama mkwe kukataa chakula cha nyumba yako. Mchele aliuacha kwenye ungo, safi. Sijaupika.

Nilifikiri hatarudi, na kwamba asubuhi ningesikia amepakiwa kwenye pikipiki na magoti yake yale. Nilikuwa tayari kwa hilo. Ila saa kumi na moja jioni nilimwona njiani na fimbo ya kukopa. Hakupanda baraza. Alisimama uwanjani, uso umeelekea upande wa barabara.

"Kesho nitapanda gari yako," akasema. "Magoti haiwezi pikipiki. Nitakaa nyuma, pale nilikaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na usiniongeleshe mu njia. Hata neno moja."

"Ndiyo, Mama."

Akageuka akaondoka. Nilitaka kumsindikiza, nikaona hata hilo sijaruhusiwa.

Nimekagua magurudumu na maji ya injini. Nimetandika blanketi kiti cha nyuma kwa ajili ya magoti yake. Tutaondoka kukipambazuka, na tutapita kilima kile, hakuna njia nyingine. Gari litapanda. Najua sasa kwamba litapanda, na sijui uso wangu nitauweka wapi likipanda kwa urahisi na yeye amekaa nyuma yangu kimya.

Nani atanitetea tangu leo? Sidhani kama napaswa kumtafuta mtu wa kazi hiyo.

Sikuombi msamaha, Feza. Huo ni mkubwa, na ni wako wewe na mtoto. Naomba kidogo tu. Huko mliko, mkikaa na kuwataja watu wenu wa huku, hata kama ni kwa uchungu, unikumbuke na mimi.