Kurasa Thelathini za Mwisho

Sunniva, shoga yangu, nimejifungia chooni hapa maktaba na sitoki. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Si unajua leo kikundi chetu cha usomaji kilikuwa kinajadili ile riwaya ya mauaji tuliyoichagua kwa Pasaka? Inaishia mpelelezi ameshika kitasa cha mlango wa ghala, basi. Muuaji hatajwi.

Mzee Torleif, yule fundi boti mstaafu, akauliza, "Jamani, mbona hiki kitabu hakijaisha?"

Tukamcheka! Na mimi ndiye niliyeanza. Nikamwambia, "Torleif, msomaji mzoefu hahitaji kutafuniwa. Ule ukimya ndio kitisho chenyewe."

Nilisema hivyo, Sunniva. "Ukimya ndio kitisho." Kuna mtu hata aliyaandika maneno hayo!

Mara Ragnhild, mkutubi wetu, akaingia na bahasha. "Samahanini sana. Kwenye kiwanda cha uchapaji walikosea, nakala zenu zote hazina kurasa thelathini za mwisho. Wametuletea hizi hapa."

Hakuna aliyetafuna hata keki.

Torleif angenicheka ningepona. Badala yake akanimiminia kahawa, akasema kwa upole, "Kunywa, mama. Kitisho kimekwisha."

Nikanyakua kurasa zangu nikakimbilia huku. Nimezisoma zote nikiwa nimeegemea sinki. Muuaji ni daktari wa meno, na sababu yake haina kichwa wala miguu.

Wallahi, ule mwisho wetu wa kitasa ulikuwa bora mara mia! Lakini leo nikitoka hapa nikasema hivyo, nani ataniamini?